Kilimia Kimezama kwa Mvua

Sutherland, Afrika Kusini
4 Oktoba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu.

Barua hii namtumia Teddy wa Shangazi kwa kompyuta, aichape dukani kwake Ifakara na kuikabidhi kwa basi la Mlimba, kama kawaida. Anasema mimi na wewe ndio watu wa mwisho nchini wanaoandikiana kurasa nzima. Mwambie simu haina faida kwa mtu ambaye kwinini ilimwondolea masikio. Tena mimi napenda hivi. Kwenye karatasi hunikatizi maneno.

Umeniuliza kazi yangu ni nini hasa, kwa sababu watu wa jumuiya wanakuuliza na wewe huna la kuwajibu. Nina kazi mbili, na hapo ndipo penye shida. Usiku napima nyota ambazo mwanga wake hupungua na kurudi, ili nijue ndani yake kuna nini. Hiyo ni fizikia. Mchana nasoma jinsi watu wa zamani walivyozitazama nyota hizohizo, walizipa majina gani, walizitumia kwa nini. Hiyo ni historia. Wenzangu wananiambia nichague moja. Mkataba wangu unaisha mwezi wa tano, na imetangazwa nafasi moja ya kudumu ya mtu anayefanya yote mawili. Sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka nafasi hiyo, na hilo lenyewe linanitisha.

Andiko nitakalowapelekea nataka lihusu bonde letu. Watu wa pwani wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Je, kwetu nako walisema hivyo? Naomba uwaulize wazee wachache: kile kikundi cha nyota ndogo walikitazama wakati gani, na walipokiona walifanya nini. Andika walivyosema, usiwanyooshee Kiswahili.

Na nakukumbusha ahadi yako. Bondeni huendi tena kulala. Ukiwa nyumbani, maji yakija yanakuta mlango. Ukiwa juu ya dungu, kibanda juu ya miti katikati ya mpunga, na husikii, nani atakuamsha?

Mwanao,
Eveline


Mchombe
26 Oktoba 2025

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Milele amina.

Kazi yako nimeifanya kama nilivyokuwa nikiandikisha watoto wa ubatizo enzi za ukatekista wangu, nyumba kwa nyumba, bila kuruka mlango. Maswali nimeyaandika kwa herufi kubwa. Majibu aliniandikia Rosemery, binti wa jirani yetu Margareta, maana mimi siku hizi naona midomo tu, na midomo ya wazee haina meno ya kunisaidia.

Stanislaus anasema Kilimia kilikuwa saa ya baba yake. Shilinde, yule Msukuma wa ng'ombe, anasema kwao nao wanakijua, ila yeye hakitazami tena. "Mzee, nyota haina mkia wa kushika." Waliokuwa wakisikiliza walimzomea.

Aliyesema vizuri ni Margareta. Nakuandikia kama alivyosema: "Kilimia ni watoto waliotumwa shambani wakakataa kutawanyika. Mama yangu akiwaona jioni wanatokea, anashusha chungu cha mbegu kutoka darini. Wakizama huku mgongo wako umelowa, ujue mwaka unaokuja ni wa jua. Shuka bondeni mapema, ardhi ya juu itakutupa. Wakizama mgongo wako mkavu, kaa juu na watoto wako." Kisha akaongeza: "Mwambie huyo msomi aje atazame mwenyewe. Nyota haiulizwi kwa barua." Watu walicheka sana, mimi nikacheka baada yao.

Wote wanakumbuka kwamba mwezi wa tano mwaka huu kilizama mvua ikinyesha.

Jambo moja tu. Kila niliyemuuliza aliniuliza: matokeo lini? Unawajua watu wetu. Watafiti wa mbu walipokuja kuuliza tunaingia kulala saa ngapi, haukupita muda vyandarua vikaja.

Baba yako,
Fridolin


Sutherland
9 Novemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Maneno ya Mama Rosemery nimeyasoma hadi nimeyashika. "Wakakataa kutawanyika." Mimi nimetumia miaka kujifunza kueleza kwamba nyota zile zilizaliwa pamoja na bado zinakwenda pamoja, na sijawahi kulisema vizuri hivyo. Mpe asante zangu, na umwambie nitaomba ruhusa ya kuliandika jina lake.

Kuhusu matokeo. Hakuna matokeo, Baba. Mimi nauliza ya zamani. Kilimia kilikuwa kalenda nzuri kabisa, kilimwonyesha mkulima mwaka umefika wapi. Lakini hakijui kama mwaka huo una mvua nyingi au chache. Kinazama na kuzuka vilevile, inyeshe isinyeshe. Tafadhali waeleze watu kwamba utafiti huu haumwahidi mtu yeyote kitu, na hautakuwa na faida ya moja kwa moja kwao.

Huku anga ni safi mno. Natoka nje nasimama na koti zito, nakitazama Kilimia kikitokea kaskazini mashariki juu ya vilima vikavu, nafikiri nawe uko uani unakitazama. Ni furaha ndogo, lakini kwangu inatosha wiki nzima.

Mwanao,
Eveline


Mchombe
30 Novemba 2025

Mwanangu Eveline,

Barua yako imesomwa kwa Stanislaus baada ya sala ya jumuiya. Rosemery ndiye aliyesoma, amesimama kama anasoma waraka wa mtume. Alipofika pale uliposema utafiti huu haumwahidi mtu kitu, niliona watu wanatazamana na kutikisa vichwa kwa furaha. Nikamvuta Rosemery nguo: wanasema nini? Akaniandikia: "Wanasema ni yaleyale."

Ni kweli ni yaleyale, mwanangu. Kwenye fomu ya ridhaa ya watu wa mbu yaliandikwa maneno hayohayo, hakuna ahadi, hakuna faida ya moja kwa moja, tukaweka dole gumba. Kisha vyandarua vikaja. Na wale waliokuja kupima samaki wa Mto Kilombero walianza hivyohivyo. Kwa hiyo sasa hakuna mwenye shaka kwamba utafiti wako ni wa kweli.

Na Kilimia kimeonekana jioni upande wa mashariki. Jua ni kali, vuli haijatoa kitu. Kilizama kwa mvua, kimezuka kwa jua, neno kwa neno kama ulivyoandika. Wenye mashamba ya juu wanatafuta majaruba ya mpunga bondeni. Margareta amepata sehemu nzuri karibu na maji.

Nikuambie la moyoni. Tangu masikio yangu yafe hakuna aliyekuja kwangu kutaka neno. Walikuwa wanapita, wananipungia mkono kama mtu anayepungia mti. Sasa benchi la uani halitoshi.

Baba yako,
Fridolin


Sutherland
3 Desemba 2025

Baba,

Shikamoo. Naomba hii uisome mwenyewe kwanza, kisha Rosemery awasomee watu wote, bila kuruka.

Mimi Eveline Fridolin sijui mvua. Nyota hazijui mvua. Niliuliza wazee walisema nini, sikusema kwamba walichosema kitatokea. Vuli kuwa kavu hakusemi lolote kuhusu masika. Anayetaka kujua mvua awasikilize watu wa hali ya hewa kwenye redio, na hata wao hukosea. Mtu yeyote asishuke bondeni kwa sababu yangu.

Baba, siandiki hivi kwa adabu, wala kwa kuwa kuna kanuni inayonilazimisha. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mwanao,
Eveline

Teddy mdogo wangu, nakuomba usiitume kwa basi. Panda uende nayo mwenyewe. Simama pale inaposomwa, uniambie nyuso zao.


Ifakara
14 Desemba 2025

Dada Eve, shikamoo.

Nimekwenda. Nimerudi na vumbi hadi ndani ya masikio, na sijui nianzie wapi.

Mjomba amenipokea vizuri, amenenepa kidogo. Uani watu tele. Rosemery akasoma yote, polepole, na nilisimama pembeni yake nikihakikisha. Alipomaliza, watu wakatazama chini. Nikafikiri, Mungu mkubwa, wamesikia.

Stanislaus akasema, "Huyu kweli amesoma. Asiyesoma angesema anajua."

Nikawaambia, jamani, anamaanisha! Anasema msishuke! Mama Rosemery akanishika bega akicheka. "Dada yako anaogopa lawama. Hata daktari hukusainisha kabla ya kisu. Ukitia saini si ndiyo anakupasua?" Nikasema hii si hospitali. Akasema, "Teddy, wewe unauza karatasi. Tuachie sisi tunaozisoma." Walicheka hadi nami nikacheka, nikajichukia.

Shilinde peke yake alikuwa amesimama kule kwenye uzio. Stanislaus akamwita, "Wewe hushuki?" Akajibu, "Mimi Kilimia chenu hakijaniandikia." Ng'ombe wake anawapeleka juu, lakini nadhani ni kwa ajili ya ugomvi wa mashamba, si kwa ajili ya mvua.

Nilimwandikia Mjomba kwenye karatasi: Na wewe utashuka? Akachukua kalamu akaandika: Nimeahidi.

Basi dada, mimi nimefanya la kwangu. Usinune.

Teddy


Sutherland
25 Januari 2026

Teddy mdogo wangu,

Sinuni. Ningekuwa pale ningeshindwa kama wewe, tena vibaya zaidi, maana ningeanza kulia na wao wangesema ni uchungu wa elimu.

Nimefanya usaili. Walikaa upande mmoja wa meza ndefu, mimi upande mwingine. Profesa mmoja akaniuliza, "Hatimaye wewe ni nani, mwanafizikia au mwanahistoria?" Nikamjibu kwamba napima nyota kwa sababu nataka kujua, na nasoma historia kwa sababu nataka kujua watu walidhani wanajua nini. Historia ya elimu ya nyota imejaa watu waliokosea kwa akili nzuri kabisa. Kisha nikawasomea maneno ya Mama Rosemery, ya watoto waliokataa kutawanyika, nikayatafsiri. Yule Profesa alivua miwani. Akasema, "Huyu mama ndiye andiko lako."

Nilitoka na furaha niliyoionea aibu. Nimechukua neno la mtu nikalipeleka mahali ambapo yeye hayupo, likapokewa kwa heshima, nikaheshimiwa mimi. Na neno langu nalo limepelekwa mahali ambapo mimi sipo.

Usimwambie Baba habari za usaili. Atawatangazia.

Eveline


Mchombe
15 Machi 2026

Mwanangu Eveline,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Nyumba nzima, kuku wazima, ila kengewa amechukua vifaranga. Mpunga wa bondeni, kwa wanavyosimulia wanaotoka huko, umefika kifuani kwa mtu. Ardhi ya juu imekauka, kama ilivyosemwa. Mvua kidogo imeanza lakini si ya kutisha.

Watu wanakuombea. Margareta anasema ukija atakupikia kitoga, samaki ambaye huko kwenu hamna.

Kila jioni natazama nyota yako. Jana nilikaa nimekula nimeshiba, nikakisindikiza Kilimia hadi kinagusa mlima. Mlima wenyewe ulikuwa mdogo, kama mkeka uliokunjwa ukawekwa mwisho wa uwanja. Nikasema, Eveline naye anakiona.

Baba yako,
Fridolin


Sutherland
21 Machi 2026

Teddy,

Baba yuko wapi?

Usinijibu Mchombe. Nyumba yetu iko chini ya mlima, mlima unakula nusu ya anga upande wa machweo. Mwezi huu wa tatu, ukikaa uani, Kilimia kinafichika nyuma ya Udzungwa watu hawajala bado. Ndivyo nilivyokua, nikigombana na mlima ule kwa sababu ulikuwa unaninyang'anya nyota. Yeye amekisindikiza ameshiba, hadi mwisho, na ameuona mlima mdogo kama mkeka. Ili mlima ule uwe mdogo lazima uwe umeuacha mbali sana. Lazima uwe bondeni kwenyewe, karibu na mto.

Hajui kwamba ameniambia. Wewe ulijua. Niandikie leo.

Eveline


Ifakara
21 Machi 2026

Dada,

Nisamehe. Yuko dunguni tangu baada ya Noeli. Barua zake hazijaja kwa basi muda mrefu, zinaletwa na akina mama wauza samaki, zinanuka perege hadi nazianika kabla ya kukupigia picha. Aliniapisha. Alisema watu wameshuka kwa neno la mwanangu, mimi nitakaaje juu? Wataniuliza, mzee, mbona wewe hujashuka? Dungu lake liko jirani na la Mama Rosemery, yeye ndiye anayemtazama.

Na nilifikiri, ukijua utafanya nini huko uliko? Utakosa usingizi tu na usaili unao.

Mvua imebadilika tangu juzi. Huku Ifakara inanyesha mchana kutwa, na milimani kumekuwa kweusi.

Teddy


Sutherland
22 Machi 2026

Baba,

Shikamoo. Najua uko wapi. Sijakasirika. Toka bondeni leo, mara tu ukisoma hii, usisubiri kuvuna. Shika mkono wa Mama Rosemery, uwaambie na wengine, pandeni Mchombe. Watu wa hali ya hewa wanasema mvua kubwa milimani, na maji yanayonyesha mlimani yanalala bondeni. Ukipenda waambie nyota imesema. Waambie Kilimia kimebadilika. Waambie uongo wowote utakaowapandisha, nitaubeba mimi.

Eveline


Ifakara
27 Machi 2026

Dada, barua yako ya kumwambia Mjomba atoke ninayo hapa kwenye bahasha. Basi liliishia njiani, daraja moja dogo limeondoka, abiria wakarudi. Nikampa kijana wa bodaboda, naye akarudi nayo imelowa. Nimeichapa upya. Wauza samaki hawajaonekana stendi. Simu ya Rosemery haipatikani, wanasema mnara hauna umeme.

Naendelea kujaribu.

Teddy


Sutherland
30 Machi 2026

Teddy,

Wamenipa ile nafasi. Wameniita asubuhi, wakanipongeza, mtu akaleta keki. Nimesimama na kipande cha keki mkononi kama mtu aliyepewa ashikilie mzigo wa mwenzake.

Nimetafuta picha za setilaiti. Kwanza ni mawingu tu. Jana mawingu yalifunguka kidogo, na bonde lote lina rangi moja, rangi ya chai ya maziwa, kutoka upande wa Malinyi hadi karibu na barabara. Nimekuza picha hadi ikavunjika vipande. Kipande kimoja ni kipana kuliko uwanja wa kanisa. Ninaweza kukuambia nyota fulani imepungua mwanga kiasi ambacho jicho haliwezi kujua, na siwezi kujua kama baba yangu yuko juu ya miti yake.

Nauli ya ndege ninayo. Nimepiga hesabu ya safari. Nitafika Ifakara, kisha nitasimama na wewe dukani tukitazama barabara iliyokatika. Niambie nije tu, hata kama ni kwa ajili hiyo. Au niambie nisije. Siwezi kuamua lolote.

Eveline


Ifakara
9 Aprili 2026

Dada Eve,

Mjomba yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Nilipata lifti ya lori la serikali lililopeleka unga, mengine nikatembea. Wako shuleni Mchombe, wamelala madarasani. Nimemwona kwa macho yangu, amekonda, anakunywa uji.

Maji yalikuja alfajiri, yote kwa mara moja. Watu wa madungu walipiga madebe na kupiga kelele, kila mtu akakimbilia mitumbwi. Mama Rosemery alikuwa amekwisha kupanda mtumbwi wa Beatus, yule mvuvi. Beatus mwenyewe ndiye amenisimulia. Anasema mama yule alitazama nyuma, akasema, "Mzee hajatoka. Yule debe halimwamshi." Akashuka. Maji yalikuwa kiunoni. Alifika kwenye dungu la Mjomba, akapanda ngazi, akamshika mguu. Mjomba anasema alidhani ni panya, akapiga teke.

Beatus alizungusha mtumbwi akawafuata. Mama Rosemery akasema, "Mpakie mzee kwanza, hasikii sauti inatoka wapi." Wakampakia. Yeye alibaki ameshika nguzo ya dungu. Nguzo ya upande ule ikang'oka, akaenda nayo. Beatus alimfuata hadi mtumbwi ukaanza kujaa.

Wamempata kwenye matete maji yalipopungua. Tumemzika juu, karibu na kanisa. Rosemery hakulia mbele za watu. Alimtafuta Mjomba akamshika mkono muda wote wa mazishi, kana kwamba Mjomba ndiye mfiwa.

Wengine waliopotea wamepatikana. Aliyekufa ni yeye tu. Mpunga wote umekwenda.

Barua yako ya kutoka bado iko kwenye mkoba wangu. Sikumpa. Ingemfaa nini?

Teddy


Mchombe
12 Mei 2026

Mwanangu Eveline,

Marahaba. Nimerudi nyumbani, kweli nyumbani, chini ya mlima wako mnyang'anyi. Teddy ameniambia ulijua kwa ajili ya mlima. Katika maisha yangu yote ya ukatekista sikuwahi kukamatwa namna hiyo.

Nilichelewa kukuandikia kwa sababu mkono ulikuwa unakataa. Nilimpiga teke, mwanangu. Kila nikilala mguu wangu unakumbuka.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sijui nilifanyeje. Kilimia kimezama juzi. Nilikaa uani nikitazama upande wake, ingawa mlima hukificha, na kulikuwa na wingu na mvua ikinyesha. Jana watu wakaja. Wakakaa kwenye benchi lilelile, hawana kitu, nguo walizopewa msaada. Nikajua wamekuja kunilaumu, nikasimama kupokea. Hawakunilaumu. Stanislaus akamwambia Rosemery aniandikie: "Kimezama kwa mvua tena. Mwakani ni jua tena. Eveline anasemaje?"

Nikasema kwa mdomo wangu, sijui kwa sauti gani maana siisikii: Margareta amekufa! Nyota ilikosea! Wakanitazama kwa huruma. Stanislaus akaandika mwenyewe: "Nyota haikukosea. Ilisema kitazuka kwa jua, na vuli ilikuwa jua. Masika hatukuiuliza. Safari hii tuulize na masika."

Nikasema, Eveline hajui. Wakatikisa vichwa. Unajua walivyotikisa.

Leo asubuhi nimemwona Stanislaus akipita na panga, ametoka kuchagua miti ya dungu jipya. Anataka nguzo nene zaidi. Rosemery hakutikisa kichwa na wengine. Ameniandikia swali lake peke yake: jina la mama yake umeliweka wapi?

Niwaambie nini? Nikinyamaza wanaondoka na ukimya wangu.

Baba yako,
Fridolin


Sutherland
17 Mei 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Nimeanza majibu mengi nikayafuta. Kila nikiandika sentensi namwona Stanislaus anaisikiliza, najua atatoka nayo nini. Nikisema hapana ni unyenyekevu, nikisema sijui ni elimu. Katika vitabu vyangu wamo watu kama yeye, tena wenye majina makubwa: utabiri ukianguka, wanautafutia nguzo nene zaidi. Nimewaandikia kurasa nyingi. Sikujua wakati huo kwamba mtu anaweza kuwa ndani ya utabiri wenyewe na asipate mlango.

Rosemery, nakujibu wewe. Andiko niliwaomba walirudishe, wakarudisha. Jina la mama yako, Margareta, liko mwanzo kabisa, kabla ya langu, na maneno yake yako kamili. Mwishoni nimeongeza kilichotokea baada ya swali langu kufika Mchombe. Profesa amesema ukurasa huo si wa historia wala fizikia, na ameniuliza kama nina hakika. Nimemwambia sina hakika na kitu kingine chochote. Huenda wataniacha na nafasi yangu, huenda hawataniacha.

Baba, kuhusu mvua siandiki neno. Kuhusu nyota siandiki neno. Mama yake Rosemery alisema nyota haiulizwi kwa barua, nije nitazame mwenyewe. Nimekata tiketi. Nitafika kabla mwezi huu haujaisha. Sileti matokeo, sileti kitu, nakuja mimi tu, niende kaburini, nikae nawe uani chini ya mlima. Labda wakiniona uso wataamini kwamba sijui.

Mwanao,
Eveline


Ifakara
20 Mei 2026

Dada Eve, shikamoo.

Barua nimeipeleka mwenyewe, nikamwomba Mjomba asiisome kwa watu. Hakuisoma. Lakini Rosemery aliposoma sehemu yake alilia, watu wakasikia, wakauliza kuna nini. Ikabidi niseme. Nilisema moja tu, kwamba unakuja.

Stanislaus ameweka panga chini. Nikashukuru Mungu, nikadhani ndiyo basi. Kisha akawaambia wenzake, "Mnakumbuka watu wa mbu? Kwanza walituma maswali. Walipokuja wenyewe ndipo vyandarua vilipokuja."

Nilipoondoka walikuwa wanafagia uwanja wa Mjomba. Wameongeza benchi la pili.

Teddy